Barafu ya Samaki Mapajani

Heri niisimulie mwenyewe kabla Kioko hajawasimulia kwa chumvi yake: mimi, katibu wa wapangaji wa ploti yetu pale Kongo, Kawangware, mtu anayeandika kila jambo pamoja na saa yake, nilisimama mbele ya landlord na majirani wote suruali ikiwa imelowa kuanzia zipu hadi magotini.

Ploti ina vyumba kumi na vinne na vyoo viwili, ila kimoja landlord alikuwa amekitia kufuli akakigeuza stoo ya saruji, kwa hivyo kila asubuhi tunapanga foleni kwa kile kingine na watoto wanachelewa shule. Yeye akadai tunazidisha maneno. Basi nikapiga picha za foleni wiki tatu mfululizo, nikazipanga kwenye laptop kwa siku na saa (moja ina watu tisa, wawili wakiwa na mswaki mdomoni), naye akakubali kuja Jumapili alasiri kuziona.

Shida ilikuwa hiyo laptop, maana ilikuwa inashika moto hadi inajizima. Jumamosi nikaipeleka kwa fundi mmoja Makina, kule Kibera, akaipapasa upande wa chini akasema, "Bro, feni imejaa vumbi. Iache, uchukue Jumatatu."

Nikakataa. Nilikuwa na mpango wangu (siku hizo nilikuwa najua kila kitu).

Jumapili nikamwomba Mama Akinyi, jirani anayeuza samaki, barafu ya kuipoza laptop, akanitilia kwenye mfuko wa mkate. "Lakini huo mfuko usiuamini, sekretari," akasema. "Ni nusu saa tu, mama," nikamjibu. Uani hapakuwa na meza, kwa hivyo nikakalia mtungi wa plastiki wa maji, mfuko mapajani, laptop juu yake, nikaanza.

Na nilianza vizuri jamani! Nasoma saa na idadi kama mtangazaji, majirani wanaitikia, na mapaja yameshakufa ganzi kwa hiyo baridi hata sihisi kinachotiririka. Kwenye picha ya kumi na moja, kabla tu ya ile ya saruji niliyoipiga kupitia mwanya wa mlango wa choo, laptop ikajizima. Nikapandwa na hasira, nikaiweka chini pamoja na mfuko wake uliokwisha kunywea, nikasimama nimalizie kwa mdomo.

"Landlord, hawa watu wanaumia!" Kidole juu.

Kioko, keateka wetu anayeshika funguo za ploti, akapiga makofi. "Wee! Sekretari amejikojolea!"

Nikaangalia chini. Watoto walikuwa wanaangalia pale pale. Nikafungua mdomo niseme ni barafu, kwa sababu mimi ni mtu wa ukweli na mkutano mzima nilikuwa nimeujenga juu ya ukweli, lakini Mama Akinyi, ambaye alijua kuliko wote, akanikanyaga mguu.

"Umeona sasa, landlord? Mwanaume mzima! Bado unataka picha?"

Kioko akaanza kunusa. "Lakini mbona kama inanuka sama..."

"Wewe nyamaza, mwenzako ameaibika!"

Landlord akaitazama suruali yangu, akatazama kando kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa makosa. "Kioko," akasema polepole, "leta funguo. Hiyo saruji itoke leo."

Nikaufunga mdomo.

Jumatatu fundi alitoa vumbi kwa dakika kumi, akanieleza kwamba ule mfuko ulikuwa umeziba matundu ya hewa ya chini. "Ulikuwa unaifunga pua," akasema. Choo cha pili kinafanya kazi hadi leo na foleni imeisha, ila mpangaji mpya akija Kioko humtembeza na kumwonyesha: "Na hii hapa ndiyo Choo ya Sekretari."

Nimeapa fundi akiniambia niache mashine, naiacha, na laptop haitakaa tena mapajani mwangu hata ikiwa mpya. Ule ukweli wa barafu landlord ataupata siku nitakayohama. Nimeshauandika, na saa yake.