Siku ya Tatu Kwenye Daftari

Mwaka ule maboti yalileta wakimbizi kutoka Kongo karibu kila asubuhi, na wajawazito wengi waliishia kwetu, kwenye kituo kidogo cha afya kule Rusimbi. Wodi ya wazazi ilikuwa na wauguzi wawili tu. Mwenzangu alipougua malaria, nikabaki peke yangu siku tatu. Nilizalisha, nikafua, nikachemsha vifaa, nikazalisha tena. Daftari la kutakasa vifaa, la kuandika kila tulipochemsha, sikuligusa.

Wiki mbili baadaye tukaambiwa wakaguzi wanakuja. Bila alama zao, bima ya afya isingetupokea. Daktari wetu mfawidhi akaniletea daftari.

"Sista, jaza hayo mapengo. Kazi si uliifanya?"

Nikajaza siku ya kwanza na ya pili. Nilipofika siku ya tatu nilimkumbuka mama mkimbizi aliyejifungua mapacha, nikaukumbuka mkasi wa kukatia vitovu mkononi mwangu. Kama nilikuwa nimeuchemsha, sikukumbuka. Nikaacha pengo.

Mkaguzi alikuwa mama mtu mzima. Kidole chake kikasimama palepale.

"Hapa mbona wazi?"

"Nilikuwa peke yangu. Sijui kama nilichemsha."

"Na hizi mbili za juu?"

"Nimezijaza jana."

Akaandika.

Tulianguka ukaguzi. Daktari hakunisemesha karibu mwezi mzima, ila la kazi. Kilichoninyima raha ni wale mapacha, kwa hiyo kesho yake ya ukaguzi, baada ya zamu, nilishuka ufukweni Katonga, ambako mama yao alijihifadhi kwa ndugu zake. Nilimkuta akianika dagaa. Aliponiona akasimama.

"Sista, umekuja kunipeleka kambini?"

"Hapana, mama. Nataka kuona vitovu vya watoto."

Akawafunua. Vilikuwa vimekauka vizuri. Nikakaa pale chini, naye akaniletea maji ya kunywa.

Baadaye nilisoma ripoti ya mkaguzi. Pamoja na alama mbaya alikuwa ameandika kwamba wodi ile haiwezi kuendeshwa na wauguzi wawili. Tukaletewa wa tatu. Ukaguzi wa pili tukafaulu, na bima ikatupokea. Walipotundika cheti ukutani waliniita tupige picha. Nilikuwa nimetoka zamu, nikaenda zangu nyumbani Mwanga kulala.