Mtungi Ulioazimwa Matangani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na jirani zangu wa Mikindani hawanibishii hilo. Kwa hivyo kazi waliyonipa kiwandani ilinishangaza hata mimi mwenyewe: kukaa chumba chenye kiyoyozi kutwa nzima, nikitazama vitu vikisemezana vyenyewe kwa vyenyewe. Kiwanda chetu kiko Changamwe, nyuma ya maghala, na kazi yake ni kufufua mitungi ya gesi. Mitungi iliyochoka huingia kwa lango moja, ikapimwa, ikachomwa rangi ya zamani, ikapakwa rangi mpya, ikajazwa na kutoka kwa lango la pili imependeza kama bibi harusi. Kila mtungi una chipu chini ya shingo, ndogo kama kifungo cha shati. Malango yana visomaji, mizani ina kisomaji, mashine ya kupimia nayo ina chake, hata foklifti. Mtungi ukipita tu, maisha yake yanajiandika: ulitengenezwa lini, ulipimwa ukaonekanaje, umelala duka gani, na lini utafika mwisho ubanwe uwe chuma chakavu. Hakuna anayeshika kalamu. Mimi nilikuwa wa kutazama skrini na kupiga kelele pakiwa na jambo.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya mvua, na jambo lilitokea kwenye mashine ya kubana. Mashine hiyo haiwashwi kila siku. Mitungi iliyofeli hurundikwa uani, na rundo likishajaa ndipo inabanwa mmoja mmoja, baada ya kupita kwenye mizani. Skrini yangu ikawa nyekundu. Mtungi uliokuwa juu ya mizani haukuwa na uzito ambao chipu yake ilisema unao. Nikapiga simu chini wasimamishe mashine, nikateremka ngazi mbio.

Kila mtungi una uzito wake mtupu, na si rahisi miwili ya safu moja ilingane kabisa. Nikatafuta kwenye simu yangu uzito ule wa mizani ni wa mtungi gani katika safu iliyopimwa pamoja. Nikaupata. Ulikuwa wa mtungi jirani, uliopimwa mara tu baada ya huu, ukapita vizuri, ukapakwa rangi na kujazwa. Kama mtungi mzima ndio huu ulioletwa kubanwa, basi ule mbovu ndio uliovaa chipu ya mzima, na ulikuwa umeshatoka langoni.

Nikawauliza wanaume wa safu imekuwaje. Wala hapakuwa na haja ya kunijibu, maana nilikuwa nimesimama palepale penye jibu. Mitungi ikishapimwa, kabla ya kuchoma rangi ya zamani, chipu hutolewa zisiungue, zikapangwa kwenye ubao kwa mpango uleule wa mitungi, zikarudishwa baadaye, na hapo ndipo mibovu hutengwa. Chipu ya tatu ni ya mtungi wa tatu, basi. Sasa mchana hupita mama mmoja na mahamri na mbaazi, na kiwandani kwetu hakuna viti. Kila mtu huvuta mtungi mmoja kutoka kwenye safu, akaukalia, akala, akateta, kisha akaurudisha. Akaurudisha wapi? Popote penye nafasi. Ubao wa chipu hauondoki, mitungi ndiyo inayotembea. Tulikuwa tukiliona sote, na msimamizi alikuwa na mtungi wake anaoupenda kwa sababu hautikisiki.

Msimamizi huyo alikuwa mtu mpole, mpole wa kukuchosha. Nilipomweleza alifunga macho kidogo, akauliza ule mbovu ulifeli vipi.

"Ulitoa jasho kwenye mshono," nikamwambia. Ndivyo tunavyosema maji ya kupimia yakipenya pale chuma kilipochomelewa.

"Na sasa uko wapi?"

"Dukani Mtongwe. Skrini inasema haujauzwa."

Akashusha pumzi. "Basi alhamdulillahi. Kesho gari la Likoni litapita liuchukue."

"Kesho?"

"Dada, tulia. Mfumo unasema uko dukani."

"Mfumo huohuo ndio uliosema huu ni mbovu, na huu mzima uko hapa mbele yako," nikamjibu, na sauti yangu ilikuwa imeshapanda hadi wale wa rangi wakageuka. "Wewe unaamini upande unaokufaa peke yake."

Sikungoja ruhusa. Nilichukua kisomaji cha mkononi na mtungi mzuri wa kubadilisha, nikamwambia dereva awashe gari. Msimamizi alisema jambo nyuma yangu ambalo mpaka leo silijui. Dereva alikuwa kijana wa bara, mtu wa maneno mengi, lakini aliponiona uso alikanyaga mafuta tu. Tulishika barabara ya Dongo Kundu, vifutio vya kioo vikipangusa maji. Kila niliporudia kutazama simu, mtungi ule ulikuwa palepale dukani, na alama yake ya kijani. Nilijaribu kujifariji nayo. Ukishajua kitu kinakudanganya, huwezi tena kupumzika ndani yake.

Mwenye duka alitupokea kwa salamu zake zote, hali, watu wa nyumbani, mvua hii. Nikazijibu huku macho yangu yakipita kwenye mitungi yake na kisomaji kikisoma. Haukuwapo.

"Kuna mtungi mmoja mkubwa haumo," nikasema. "Umemuuzia nani?"

"Sijauza. Wallahi ningeuza ningeuskani, wanijua." Akaonyesha kwa kidevu upande wa mashambani. "Nimewaazima hapo kwenye matanga. Bwana wa nyumba ile ya mwisho amefariki. Kuni zimelowa, na watu ni wengi, wamekosa hata pa kuchemshia chai. Sasa jirani kafiwa, mimi nimuuzie gesi?"

Sikuwa na la kumlaumu. Aliyeunda mfumo wetu aliweka kuuza, kurudisha, kujaza na kubana. Hakuweka kuazima, labda kwao hawaazimani. Nilimwomba atuonyeshe njia, naye akaondoka na kofia yake bila mwavuli.

Nyumba yenyewe niliitambua kabla hatujafika, kwa turubai na watu. Wanaume walijibanza upande mmoja kwenye viti vya kukodi, wanawake wamejaa barazani na ndani, watoto wanacheza na maji ya mvua. Ni watu wa Rabai na Kaloleni waliohamia huku, watu wa kanisa kama kwetu. Nikahesabu kwa jicho walioko karibu na ukuta, nikaacha, kwa kuwa ilikuwa ikinitia kizunguzungu. Nilijua nikitamka neno gesi kwa sauti, watakimbia wote kwa mlango mmoja, na kuna wazee hapo wasioweza kusimama wenyewe. Ikabidi niingie kama mtu aliyekuja kuhani. Nikavua viatu. Nikapita nikishika mikono, poleni, tushapoa, poleni, tushapoa, na kila mkono ulinishika kwa muda mrefu kuliko uliotangulia. Mimi ambaye kwenye foleni ya benki hupiga miguu chini, nikawa naenda taratibu namna ile, jasho likinitiririka mgongoni.

Nyuma ya nyumba walikuwa wameinua turubai jingine. Meko matatu ya mawe yalikuwa yakifuka kwa kuni zilizolowa, na katikati yake, mahali pakavu kuliko pote, ulisimama mtungi wetu ukiwa na rangi yake mpya, mpira umeelekea kwenye jiko la chuma lenye sufuria kubwa. Moto wa kuni ulikuwa karibu kiasi kwamba nilipogusa tumbo la mtungi, ulikuwa na joto.

Aliyekuwa akiongoza upishi ni bibi mmoja, dada wa marehemu, kanga mbili kiunoni. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamnong'oneza kwamba mimi natoka kwa wenye gesi, na mtungi ule si mzuri, naomba nifunge sasa hivi na kuutoa.

"Si mzuri vipi? Unawaka tangu jana."

"Mshono wake ni dhaifu, bibi. Na hapa una joto."

Mwanamke mwingine aliyekuwa akikata vitunguu akasema, "Hiyo mashine mkononi ni ya nini? Si ya kupimia? Pima tuone."

Kisomaji kilikuwa mkononi mwangu na kila mtu anakitazama. Nikakipeleka kwenye shingo ya mtungi. Kikalia, taa ikawa ya kijani, na kwenye kioo chake maandishi makubwa: SALAMA. Wakasoma wote. Waliojua kusoma wakawasomea wasiojua.

"Haya," akasema yule wa vitunguu. "Mashine yako imesema salama. Tuache tupike, tuna wageni."

Nikaomba sabuni. Nikapaka povu kwenye mshono wote kuuzunguka, nikachutama nalo uso kwa uso, nikiomba, Mungu anisamehe, litoe kiputo kimoja tu. Halikutoa. Mtungi ulikaa na povu lake kama mtoto anayeogeshwa. Wanawake wawili wakacheka, si kwa ubaya. Nilitaka kulia kwa hasira. Nilikuwa nimetoka mbali na ukweli kichwani, na kila kitu nilichokuja nacho kilikuwa upande wa uongo.

Yule bibi peke yake hakucheka. Aliuliza polepole, "Mashine yasema salama. Sabuni yasema salama. Wewe wasema nini?"

"Nasema mashine imedanganywa, bibi. Na tulioidanganya ni sisi huko kiwandani. Mtungi huu umevalishwa jina la mwingine."

"Angekuwa mamako anapikia hapa, ungemwachia?"

"Nisingemwachia hata achemshe maji ya kunywa."

Akainama, akafunga koki kwa mkono wake mwenyewe. Moto wa jiko ukafa, na kelele zikaanza, chai haijachemka, mchungaji yuko njiani. Akawanyamazisha kwa kuinua kiganja. Dereva akaung'oa mpira, akaukumbatia mtungi na kuuzungusha nyuma ya migomba, mbali na moto na watu, kisha kwenye gari lililo wazi nyuma, akaufunga kwa kamba. Mtungi mzuri ukaingizwa mahali pake. Bibi akaniwekea kinu nikikalie, akanipa kikombe, na sikuthubutu kuondoka kabla ya kukimaliza, maana hapo ningekuwa nimewatukana.

Kesho yake tuliupima tena. Msimamizi alikuja kutazama mwenyewe, na hakuketi. Mtungi uliwekwa ndani ya kizimba, maji yakashindiliwa, sindano ikapanda polepole. Haukutoa jasho mara hii. Ulipasuka. Mshono ulifunguka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na haukuwa umefikia hata nusu ya presha ya kupimia. Msimamizi alitoka nje akasimama mvuani. Mimi nilibaki nikilitazama lile tumbo la chuma lililokuwa na joto chini ya mkono wangu jana yake, na nikamwona yule wa vitunguu, na watoto, na mikono yote ile niliyoishika.

Nilirudi Mtongwe siku ya mazishi. Hakuna aliyenituma. Tulipotoka kaburini yule bibi alinishika mkono, akanivuta kando ya ukuta.

"Ulikuwa mbovu?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbovu wa kutosha?"

Nikatikisa kichwa kukubali, na machozi niliyoyazuia tangu kiwandani yakashuka mbele yake. Aliyafuta kwa ncha ya kanga yake kama ninavyofutwa na mama.

"Usiwaambie," akasema. "Wana msiba mmoja, uwatoshe huo."

Barazani, wanawake walikuwa wakipakua wali. Yule wa vitunguu aliponiona akaita kwa furaha, "Mama wa mashine! Njoo utwambie, gesi yetu ilikuwa na nini hasa?"

Kiwandani nilikuwa nimeshaandika kila kitu, chipu kwa chipu, mshono na presha, na jina la kila aliyehusika, langu likiwamo. Hapo barazani wote walikuwa wamegeuka kunitazama, sahani mkononi.

"Haikuwa na kitu," nikawaambia. "Ni rangi tu waliikosea."

Wakacheka sana, wakanisogezea mkeka, nikaketi katikati yao nikala.