Mkwe wa Nili

Zamani rangi ilikuwa mtu wa kuamkiwa kabla hujatia mkono mtungini; siku hizi inakaa ndani ya pakiti dukani, na ukiinunua haikuulizi wewe ni mtoto wa nani.

Mama mkwe wangu, Khamtan, aliishi na rangi tatu chini ya nyumba yake ya nguzo, kijijini kwetu chini ya milima ya Phu Phan. Nyekundu, aliyetoka kwenye utomvu wa wadudu, alikuwa mkali, hakutaka kuchelewa motoni. Manjano, wa moyo wa mfenesi, hakuwa na maringo. Aliikubali nguo ya mtu yeyote. Mwenye enzi alikuwa Nili, wa buluu, aliyetoka kwenye majani. Huyo aliishi mtungini, akila na kununa kama sisi. Kila asubuhi Mama alimfunua, akamnusa, akaonja tone moja kwa ncha ya ulimi.

"Umeamkaje, bwana wangu?" humuuliza. Kisha humpa ukwaju, chokaa kidogo na ndizi mbivu, na wakati wa baridi kikombe cha pombe ya mchele.

Mimi nilikuwa nimehamia kwa wakwe siku ya harusi, kama ilivyo desturi kwetu. Nilipata kikombe baada ya Nili, tena hakikujaa.

Nilikuwa kijana niliyejisomesha. Kila gazeti la kufungia samaki nililisoma, harufu na yote. Siku moja nikamfahamisha Mama kwamba mle mtungini hamna mtu, ni majani tu yanachacha.

"Hata wewe unachacha," akasema, "na bado tunakuita kwa jina."

Baadaye mke wangu, Onsi, alikwenda Bangkok kushona katika kiwanda, na mikono ya Mama ikaanza kukakamaa. Nili hakai na mtu asiyemjua. Asiporithiwa huondoka, na huyu alikuwa amekaa na wanawake wa ukoo ule tangu enzi ya bibi yake Mama. Mama alitazama kulia, akatazama kushoto, akaniona mimi.

"Mwanamume?" nikauliza.

"Nimeshaona. Lakini nyumba haina mwingine. Kaa hapo, zungumza naye."

Nilikaa mbele ya mtungi nikataja jina langu, la baba yangu na umri wangu.

"Unaomba urafiki au kitambulisho?" Mama akauliza.

Nikamsomea magazeti. Nili akanuna, kitambaa kikatoka na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nikamweleza namna ya kutawala nchi, akazidi kununa. Mwishowe nilichoka, nikaanza kumlalamikia: kwamba mama mkwe wangu ana ulimi wa pilipili, kwamba ananihesabia vipande vya nyama, kwamba anakoroma na kusingizia paka. Povu likapanda, la zambarau, likimetameta kama shingo ya njiwa.

Mama alikuja, akaonja, akanitazama.

"Leo mmemsema nani?"

"Hakuna, Mama."

"Mmemsema vizuri. Endeleeni."

Basi ndivyo nilivyopata rafiki wangu wa pekee, kwa umbeya. Magazeti yangu yote hayakunipatia hata mmoja.

Kisha alikufa jirani yetu, fundi wa matenga. Kwetu aliyetoka kwenye nyumba ya maiti hafunui mtungi. Nililijua hilo kama kila mtu, ila msibani kulikuwa na nyama ya kukatwakatwa yenye pilipili nyingi, na mimi nilikwenda kumlilia marehemu kwa meno. Niliporudi, tumbo limejaa, nikataka kumsimulia Nili nani alilia na nani alijifanya. Nikafunua. Povu likafa hapohapo. Maji yakawa ya kijivu, yakanuka mtaro.

Mama hakunigombeza. Alinipa tenga la kuchotea samaki, akaweka ndani yai na wali wa kunata, akanituma njiani kumwita Nili, kama kwetu tunavyoita roho iliyopotea. Nikatembea nikichota hewa. "Njoo, Nili, njoo nyumbani, usilale porini." Wanawake kisimani wakaacha kuteka maji.

"Bunthan, mke amekupotea Bangkok, sasa na mtungi umekukimbia?"

"Chota na kule kwenye majani, huenda amejificha kwa aibu!"

Nili alirudi, lakini baada ya kutulisha uchungu mwingi. Tangu hapo sikukanyaga msiba wa mtu. Wakaniita bahili wa machozi.

Mwaka ambao Mama alishindwa kupanda ngazi, aliniita.

"Mpeleke Nili kwenye kibanda cha shambani, ukae naye huko. Nikifia hapa, atanifuata."

"Mama, mkwe asiyemzika mama mkwe wake, watu watasema nini?"

"Kwani sasa wanasema nini?"

"Na wewe je? Nisikusindikize?"

"Wa kuichoma maiti yangu wapo wengi. Wa kukaa na huyu ni nani?"

Nikaenda kutafuta mkokoteni, mimi msomaji wa magazeti. Waliomchoma walinisema, na bado wananisema. Nili nilikaa naye shambani miaka mingi, hadi Onsi aliporudi na pakiti zake za rangi na kuwauzia wageni mashati yenye picha ya jani la Nili, nao wasiulize kitu. Nikaona aibu kumtajia Nili habari hizo. Nadhani alizisikia mwenyewe. Asubuhi moja hakuwamo, na hakuna tenga lililomrudisha.

Lakini siku ile ya kuhamia shambani, Mama akiwa bado hai, nilipakia mtungi kwenye mkokoteni. Mama alikuwa amekaa ngazi ya chini, akitafuna tambuu. Aliomba nimsogezee mtungi, akaufunga shingoni uzi mweupe wa baraka kwa vile vidole vyake visivyokunjika, polepole, akikataa nimsaidie. Akanong'ona naye kwa muda mrefu. Mimi nikasimama kando kama punda.

"Kwenye mashimo umshike yeye," akaniambia, "si kofia yako."

Nilivuta. Kwenye kona nikageuka, nikainua mkono. Alitema tambuu, akaendelea kuutazama mtungi.