Disketi Iliyoondoka Bila Kuomba Njia

Juzi nilikuwa kibanda cha fotokopi hapa Kolwezi, mwalimu wa kwaya akaingia na disketi mkononi. Kinanda cha kanisa lao ni cha zamani, hakisomi kitu kingine. Alikuwa ametiliwa nyimbo humo hapo kibandani, lakini kwenye mazoezi kinanda kikanyamaza, na harusi ilikuwa kesho yake.

"Mama, mu diskete hamuna kintu."

Mama mwenye kibanda akamtazama juu ya miwani. "Tata, uliitosha mu mashine wewe mwenyewe?"

"Ndiyo. Ordinatere ilisema imeisha."

"Hii ordinatere iko na Linux. Inasema imeisha, kumbe nyimbo ingali mu kichwa yake, haiyaingia bado mu diskete. Muntu anatokaka kwa benzake bila kuomba njia, bila kuaga?"

Akanakili upya, kisha akaandika amri ya kuiachilia disketi. Mwalimu akangoja mikono nyuma, kama mkwe mbele ya wakwe, mpaka taa ndogo ya mashine ikazimika.

"Sasa imekupa njia."

Mwalimu akaichomoa kwa vidole viwili, akaiinamia mashine: "Aksanti, mi naenda." Akatoka mbio.

Siku ya harusi kinanda kilisikika mpaka barabarani. Mashine iliagwa vizuri. Sisi tuliokuwa kibandani bado tunangoja atuage.