Mpaka Wetu Uliokwenda Ulaya

Nilikata masale ya mpaka, ile mimea ya majani marefu tunayopanda kutenganisha mashamba. Nalisema mwenyewe mapema, maana hapa Masama ukilisikia kwa mwingine litakuwa limeongezwa chumvi, na chumvi yake yenyewe inatosha.

Mpwa wangu mchoraji alikuwa amechaguliwa kupeleka kazi yake Italia, kwenye maonyesho ya sanaa ambako kila nchi ina banda lake. Akanipigia simu: "Mjomba, naomba mafungu mawili ya masale ya nyumbani. Nitayakausha, nisuke ukuta wa banda la Tanzania."

Mafungu mawili. Lakini mimi, ambaye safari yangu ndefu ni kushuka sokoni Kiboriloni na kurudi kabla ya chai ya jioni, nikaona hapa ndipo pa kufika Ulaya bila kuvua ndala. Nikafyeka safu nzima, shina kwa shina.

Kesho yake jirani yangu, mjane wa rika la mama yangu, alitoka kukata majani ya ng'ombe, akasimama. Kati ya migomba yake na yangu palikuwa peupe. Masale yale waliyapanda baba yangu na marehemu mumewe. Hati nyingine ya mpaka hatuna.

"Shikamoo, mama."

Akanipa mgongo, akarudi ndani.

Kwetu, ukimkosea mtu unamwendea na jani la sale lililofungwa fundo, naye akiliona hukataa kwa shida sana. Mimi sikubaki na jani hata moja. Yote nilikuwa nimewapelekea wazungu, ambao sijawakosea kitu.

Miezi ikapita, shikamoo zangu zikianguka njiani. Kisha nikasikia mwana wa yule mjane anakuja Krismasi na mpima ardhi. Nikajiapiza: atakuta mpaka umesimama. Nikapanda juu kwa wakwe zangu kuomba vipando vya masale. Shemeji zangu walicheka mpaka wakaegemea migomba, lakini walinipa. Nikashuka na mzigo kichwani, na mkononi jani moja lenye fundo.

Jirani alilipokea. Kwa kujipa moyo nikamwonyesha picha aliyotuma mpwa wangu: masale yetu ndani ya banda la Tanzania, watu wenye makoti wanayatazama, pembeni kibao. Akauliza kimeandikwa nini.

"Msiguse," nikamwambia.

Akanirudishia simu. "Wazungu wanakatazwa kugusa, na mpaka si wao. Wewe panga ulipewa na nani? Haya, shika jembe, na uanzie upande wangu, huku nikikuona."