Chai ya Mavi

Mtambo wa gesi ya samadi ulipoanza kufanya kazi nyumbani kwangu Bagara, niliwaalika wanawake wa jumuiya waje kusali kwangu. Nilitaka wauone. Karibu wote wanafuga, na niliamini wakiuona tu, nao watachimba mashimo ya mitambo yao.

Tulisali, nikaleta chai ya maziwa na viazi vitamu. Wakanywa, wakasifu. Mmoja akauliza mbona jikoni kwangu hakuna moshi. Nikawapeleka, nikawasha jiko, nikawaeleza kwamba kinyesi cha ng'ombe kinachanganywa na maji, kinaoza shimoni, na gesi yake inakuja kwa bomba.

Mwenyekiti wetu, ambaye ni jirani yangu, akaweka kikombe dirishani.

"Mama, kumbe umetunywesha chai ya mavi?"

Wakaangua kicheko. Wengine walitoka kutema mate.

Nilimgeukia. "Sakafu ya nyumba ulimozaliwa ilisiribwa kwa nini? Si kinyesi hichohicho? Ulitambaa juu yake!"

"Sakafu hailiwi," alijibu.

Nilichukua kikombe chake nikakimaliza mbele ya macho yake. Waliaga mmoja mmoja. Tangu hapo sokoni nikawa Mama Mavi, na hata mume wangu, aliyechimba shimo lile kwa mikono yake, akaniambia wageni wakija niwashe mkaa. Nilikataa. Tulinuniana wiki nzima.

Watu wa miradi wakipita huuliza kwa nini mtaa mzima mtambo ni mmoja. Wanadhani ni gharama. Gharama gani, wakati mwenyekiti amejenga uzio wa matofali na ana ng'ombe kunishinda? Watu wanaogopa kuchekwa, basi.

Masika yaliyofuata, kuni zikiwa zimelowa, mwenyekiti huyohuyo alitokea mlango wangu wa nyuma na sufuria ya maharage, macho mekundu kwa moshi.

"Nisaidie yaive. Ila usimwambie mtu."

Nilitamani kuyamwaga. Nikayabandika, kwa kuwa wajukuu zake walikuwa na njaa.

"Si ujenge wako?"

"Mume wangu hataki tuchekwe."

"Na aliyeanza kucheka ni nani?"

Maharage yalipoiva nikamwambia apitie lango la mbele, wanawake wamwone. Akafunika sufuria kwa kanga, akapita shambani, kati ya mahindi, ameinama.