Nitashikaje msahafu niape kwamba kipa wetu hakucheza kamari?

Aliyetuandikia yuko Durban, Afrika Kusini. Majina yote tumeyabadilisha. Msomeni mpaka mwisho kabla hamjamhukumu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Tanga, Mwislamu, sijaoa. Nilifika huku mwaka 1996 na nafanya kazi kiwanda cha rangi, Jacobs. Tafadhali jina langu lisionekane popote, kwa sababu likijulikana sina pa kukaa katika mji huu.

Nilipofika sikuwa na ndugu. Aliyenipokea ni Mkongomani mmoja, nitamwita Yaya Pascal, maana kwao yaya ni kaka mkubwa. Alinilaza chumbani kwake Greyville miezi tisa na hakuniuliza hata siku moja nitaondoka lini. Yeye ndiye kipa wa timu yetu ya Jumapili, timu ya Watanzania na Wakongo. Jamani, yule mtu alikuwa anadaka! Kuna penalti aliyoizuia kwa goti, mpaka leo watu wakikaa saluni wanabishana alifanyaje. Sasa magoti yamechoka, anastaafu.

Timu yetu ina desturi. Mchezaji mkubwa akistaafu, jezi yake inatundikwa ukutani kwenye mgahawa wa mama mmoja wa Kitanzania tunakofanyia vikao, na namba yake haivaliwi tena. Mpaka sasa zipo mbili tu. Lakini kabla ya kutundika, kila mwanachama anasimama, Mkristo anashika Biblia, Mwislamu anashika msahafu, anaapa kwamba hajui mchezaji huyo kuvunja katiba ya timu. Asiyeapa lazima aseme sababu mbele ya wote. Na katiba iko wazi: anayecheza kamari kwenye mechi zetu anafukuzwa, jezi haitundikwi kamwe.

Yaya Pascal alikuwa anacheza. Najua, kwa sababu vikaratasi vyake vya dau nilivipeleka mimi. Karibu na uwanja wa mbio za farasi kuna Mkenya anayepokea dau za farasi kwa siri, na baadaye akaanza kupokea hata za mechi zetu za Jumapili. Yaya Pascal aliogopa kuonekana kwa Mkenya huyo. Kila mara alinionyesha alichoandika, akicheka, "Ona mdogo wangu, mimi nawekaka kwa timu yetu tu. Jamais, hata siku moja, kinyume yetu." Nikajidanganya kwamba kubeba si kucheza.

Kimoja tu hakunionyesha. Ilikuwa fainali ya mwaka jana. Alikikunja kidogo sana, akakizungushia ile plasta anayofungia vidole kabla ya mechi, akaniambia nisikifungue. Sikukifungua. Tulifungwa bao moja, mpira mwepesi kabisa uliompita chini ya mkono. Watu walisema jua lilimpiga machoni. Mimi nilikuwa naiangalia plasta vidoleni mwake.

Wiki hiyohiyo beki wetu, nitamwita Idi, alikutwa na kikaratasi mfukoni. Alikuwa ameweka dau kwamba tutashinda. Akafukuzwa. Yaya Pascal alinyoosha mkono Idi afukuzwe, na mimi nikanyoosha. Juzi nimekutana na Idi kwenye kituo cha taxi, siku hizi anakata majani kwenye nyumba za watu Queensburgh. Nilidhani atanitukana. Akasema, "Nasikia Pascal anatundikwa. Anastahili, alikuwa kipa haswa." Niliona heri angenizaba kibao.

Kuna wakati najiambia, kamari na kudaka wapi na wapi? Mipira aliyodaka aliidaka kweli, hakuna aliyemdakia. Halafu namkumbuka Idi. Halafu naikumbuka ile plasta.

Jumatano iliyopita nikitoka kazini nimemkuta yule Mkenya getini. Sijawahi kumwambia ninapofanya kazi. Akanishika bega kama rafiki, "Sikiza, siku ya kuapa, apa kama wengine. Mambo iishe, sharp, sawa?" Nikamjibu sijui anaongea nini. Akacheka. "Unajua kwenye kitabu changu zile dau zote ziko kwa jina ya nani? Si ya Pascal. Ni yako."

Ndugu zangu, niliona giza mchana. Kumbe Yaya Pascal alimwambia aandike jina langu tangu siku ya kwanza. Tangu hapo mtu akigonga mlango najificha chooni. Nikisema ukweli, nani ataniamini wakati jina ni langu? Nikinyamaza, nishike msahafu niape uongo? Kwetu Tanga nimekua nikiona watu wanaogopa yamini kuliko bunduki. Mjomba wangu aliapa uongo kwa ajili ya shamba, hakumaliza mwaka. Mnaweza kusema ni maradhi tu. Mimi niliona tumbo lake lilivyovimba.

Jana nilimfuata chumbani kwake. Alikuwa anapasi ile jezi. Nikamwambia, "Yaya, unajua kwamba najua." Hakukana. Nikamuuliza kitu kimoja tu, ile fainali aliandika nini. Akaendelea kupasi kola. Nilikuwa tayari kumsamehe yote, hata jina langu, angesema tu kwamba aliandika tutashinda.

Akaniangalia machoni, akasema taratibu, "Weye ndiyo utasimama wa kwanza, nimeshawaambia. Apa kwanza, mdogo wangu. Kisha nitakuambia."

Kikao ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Nyinyi mnaonisoma, wenye dini na wasio na dini, naombeni mnijibu kabla ya siku hiyo: nikiitwa jina, nisimame niseme nini?